Jicho la Mgeni: Hans Holbein na Sura za Watu

Methali yetu yasema, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho." Maana yake ni kwamba mgeni hana budi kufuata ada za wenyeji wake, hata kama ada hizo zampunguzia kitu alichokuwa nacho. Ni shauri la busara kwa msafiri atakaye kuishi salama. Lakini itakuwaje ikiwa msafiri huyo hana mali nyingine ila jicho lake? Itakuwaje ikiwa kazi yake ni kuona, na wenyeji wamemkaribisha na kumlipa kwa sababu aona vizuri kuliko wao? Akilivunja jicho, atakula nini? Asipolivunja, atakaa nao vipi?

Swali hili ndilo lililomkabili Hans Holbein, mchoraji wa sura za watu, aliyehama kwao kwenda kutafuta riziki Uingereza, akafia huko mwaka 1543. Nataka, msomaji, tuyatazame pamoja maisha yake na picha zake chache. Tusizitazame kwa kustaajabu tu, maana kustaajabu si kuhukumu. Tuzitazame kwa kupima: ni wapi aliliacha jicho lake wazi, ni wapi alilifumba, na ni nani aliyelipa gharama ya kazi hiyo.

Holbein alizaliwa Augsburg, mji wa Ujerumani, yapata mwaka 1497 au 1498. Baba yake, aliyeitwa Hans vilevile, alikuwa mchoraji, na nduguye mkubwa, Ambrosius, aliifuata kazi hiyo. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Watoto hawa wawili walivukuta, kisha wakasana. Kufika mwaka 1515 walikuwa wamekwisha kuhamia Basel, mji wa Uswisi uliokuwa na wachapaji wengi wa vitabu, na wachapaji walitaka picha za kupamba kurasa. Basi Holbein alikuwa mgeni tangu ujana wake, kabla hajaiona bahari ya Uingereza. Lakini Basel ulimpokea vema. Mwaka 1519 aliingizwa katika chama cha wachoraji wa mji, akamwoa Elsbeth Binzenstock, mjane wa mtengeneza ngozi; na mwaka 1520 akawa raia. Alipata rafiki pia, naye ni Erasmus, mwanachuoni aliyesifika katika Ulaya nzima, ambaye Holbein alimchora zaidi ya mara moja.

Mtu mwenye mke, watoto, uraia na rafiki mkubwa ana haja gani ya kuhama? Haja ilikuwa ni tumbo. Siku zile mnunuzi mkubwa wa picha alikuwa kanisa. Mageuzi ya dini, yaliyoanza na Martin Luther mwaka 1517, yalipofika Basel, watu wengi walianza kusema kwamba picha na sanamu katika nyumba ya ibada ni upotofu. Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Nasema tu kwamba maneno ya wahubiri yalifika hata katika chungu cha mchoraji. Mwaka 1526 Holbein aliiaga nyumba yake, akapita Antwerp, akaenda London na barua ya Erasmus mkononi. Barua ya mtu mkubwa ilifanya wakati ule kazi ambayo leo hufanywa na hati ya kusafiria na cheti cha shule kwa pamoja.

Barua ile ilimfikisha kwa Thomas More, mwanasheria na mwandishi, mtu wa baraza la mfalme. Picha aliyomchora More mwaka 1527 sasa imo New York, katika nyumba ya hazina iitwayo Frick. Itazame kwa makini ukiweza kupata nakala yake. Kwanza waona ukubwa wa mtu: joho lenye manyoya, mikono ya nguo ya mahameli mekundu, mkufu mzito wa dhahabu, alama ya utumishi wa mfalme. Kisha watazama kidevu, na hapo waona vishina vya ndevu ambazo hazikunyolewa vema. Mchoraji mwoga angalimnyoa More kwa brashi yake. Holbein hakumnyoa. Mkufu alipewa na mfalme, ndevu alipewa na Mungu, na Holbein amevichora vyote viwili kwa uangalifu ulio sawa. Huu ndio msingi wa sanaa yake, nami nataka uushike, kwa kuwa tutapima kazi zake nyingine kwa kipimo hiki.

Mwaka 1528 alirudi Basel, akanunua nyumba. Wakati huo alimchora mkewe na watoto wawili. Picha hiyo nitaiweka kando hadi mwisho, kwa sababu ambayo utaiona. Mwaka 1529 watu wenye hasira waliingia makanisani wakavunja sanamu na kuziteketeza picha. Mwaka 1532 Holbein aliondoka tena kwenda London. Elsbeth na watoto walibaki.

Lakini mambo London hayakuwa kama alivyoyaacha. Thomas More alikuwa amejiuzulu kwa kutoafikiana na mfalme, na mwaka 1535 alikatwa kichwa. Mgeni ambaye mwenyeji wake ameanguka yu katika hatari mbili: njaa, na kuhesabiwa pamoja naye. Holbein alifanya wafanyavyo wahamiaji wengi mpaka leo: aliwatafuta wa kwao. Palikuwa na wafanyabiashara Wajerumani wenye makazi na ghala zao kando ya mto Thames. Mmoja wao, Georg Gisze wa Danzig, alichorwa mwaka 1532 akiwa nyuma ya meza yake, amezungukwa na barua, mihuri, funguo, mizani na fedha. Juu ya meza lipo zulia la mashariki, na mbele yake ua katika chombo cha kioo. Mazulia ya namna hii Holbein aliyachora vizuri hata wajuzi wa mazulia wameipa namna moja yake jina la Holbein.

Huenda ukauliza, vitu vyote hivi vya nini? Kumbuka, msomaji, desturi iliyokuwapo katika miji yetu wakati studio za picha zilipokuwa chache. Mtu alikwenda studio amevaa suti, pengine ya kuazima. Akashika redio, au akainua mkono ili saa ionekane. Akaipeleka picha nyumbani ili wazazi wajue kwamba mjini hakupotea bure. Gisze naye alikuwa kijana mbali na kwao. Vitu vyake vyasema, "Ninaaminiwa, naandikiwa barua, nina mizani ya haki." Lakini jicho la Holbein liliongeza jambo ambalo vitu havikulisema. Uso wa Gisze watutazama kando kwa mashaka kidogo, kama mtu aliyesikia hatua mlangoni asijue ni mteja au ni mdai. Studio humpa mtu picha anayoitaka. Holbein alimpa Gisze picha anayoitaka, akamtilia ndani yake na picha ya kweli.

Mwaka uliofuata, 1533, alifanya kazi iliyo mashuhuri kuliko zote, iitwayo Mabalozi, ambayo imo katika Hazina ya Taifa ya Picha, London. Ni ubao mkubwa, kila upande wapata mita mbili na zaidi. Upande wa kushoto amesimama Jean de Dinteville, balozi wa mfalme wa Ufaransa, mwenye umri wa miaka 29. Upande wa kulia rafikiye Georges de Selve, askofu kijana. Kati yao ipo rafu. Juu yake mna vyombo vya kupimia jua, nyota na saa. Chini mna tufe la dunia, vitabu, na chombo cha muziki cha ukoo mmoja na udi unaopigwa katika taarabu yetu. Elimu yote ya zama zile imekusanywa pale, na vijana wawili wameegemea juu yake kana kwamba ni mali yao.

Sasa itazame tena. Uzi mmoja wa udi umekatika. Katika pembe ya juu, upande wa kushoto, kuna msalaba wa fedha, nusu yake imefichwa na pazia. Na mbele ya miguu ya mabalozi pametupwa kitu kirefu cha rangi ya mfupa, kisichoeleweka. Ukisimama mbele ya picha hutakitambua hata kidogo. Sogea upande wa kulia, utazame kwa ubavu, nacho chajikunja na kuwa fuvu la kichwa cha mtu. Mwenye kulitazama fuvu kwa namna hiyo hawaoni tena mabalozi sawasawa; mwenye kuwatazama mabalozi halioni fuvu. Haiwezekani kuviona vyote mara moja. Walimu wengi husema kwamba maana yake ni kutukumbusha mauti, nao wasema kweli. Nadhani lakini kwamba ipo maana ya pili. Picha hii yafundisha kwamba mahali unaposimama huamua utakachokiona. Fundisho hili Holbein hakulipata kitabuni. Mtu aliyesimama Augsburg, kisha Basel, kisha London, amelijua kwa miguu yake.

Kufika mwaka 1536 Holbein alikuwa mchoraji wa Mfalme Henry wa Nane, na mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwaka. Hapa ndipo methali ya chongo inapoanza kuuma. Mwaka 1537 alichora ukutani, katika jumba la Whitehall, picha kubwa ya mfalme pamoja na malkia Jane Seymour na wazazi wa mfalme. Ukuta ule uliungua mwaka 1698, lakini sehemu ya mchoro wa matayarisho imesalia, na nakala za wachoraji wengine zipo. Mfalme amesimama miguu imeachana, mabega mapana kama mlango. Katika mchoro wa matayarisho uso wake umegeuka kando kidogo. Katika nakala watukabili moja kwa moja. Yaani hapo kati uliamuliwa mgeuko: mtu aliyekuwa akitazama pengine alifanywa mfalme anayekutazama wewe. Na miguu ile iliyo imara kama nguzo? Mwaka 1536 mfalme alikuwa ameanguka na farasi, na baada ya hapo vidonda vya mguu havikumwacha mpaka kufa. Kidonda hukioni. Ndevu za More zilichorwa kama zilivyo. Mguu wa Henry ulichorwa kama ulivyotakiwa uwe. Picha hii ina nguvu kubwa kuliko ile ya More, walakini ina ukweli mdogo. Hapa, nionavyo mimi, Holbein alifumba jicho moja.

Jane Seymour alikufa mwaka uo huo, na mfalme akataka mke mwingine. Holbein alitumwa ng'ambo kuwachora wanawake, ili mfalme awachague kwa picha. Mwezi Machi 1538, huko Brussels, alipewa saa tatu tu na Christina wa Denmark, mjane wa mtawala wa Milan, msichana wa miaka 16. Kutokana na saa zile tatu ilitoka picha iliyo hai ajabu: nguo nyeusi za eda kutoka shingoni hadi sakafuni, na katika weusi ule vyaonekana uso, mikono, na pete yenye jiwe jekundu. Hakuna mizani, hakuna zulia, hakuna udi. Christina atutazama kwa utulivu wa mtu ambaye bado hajatoa jibu. Ndoa haikuwa.

Mwaka 1539 alimchora Anne wa Cleves. Mfalme aliiona picha, akaridhia; mwezi Januari 1540 akamwoa, na kabla ya mwaka kwisha ndoa ilikuwa imevunjwa, kwa kuwa mfalme hakupendezwa naye alipomwona. Thomas Cromwell, waziri aliyeisimamia ndoa hiyo, alikatwa kichwa mwezi Julai mwaka huo, ingawa hiyo haikuwa sababu peke yake. Holbein alisalimika. Wapo wasemao kwamba alimdanganya mfalme kwa kumpamba Anne. Mimi sikubali. Itazame picha: mavazi, vito na taji la kichwa yamechorwa kwa uhai mwingi, lakini uso umenyamaza, umetazama mbele sawasawa, bila kusema neno. Haukupambwa wala haukufunuliwa. Huu si uongo. Huu ni ukimya wa mtumishi aliyekwisha kujua kwamba katika nyumba hii neno moja la ziada hugharimu shingo.

Yapo mashtaka mengine dhidi ya Holbein, nayo ni mazito zaidi. Husemwa kwamba alikuwa mtumishi wa kila mwenye fedha: alimchora More, akamchora na Cromwell aliyekuwa adui wa More, akamchora na mfalme aliyewaua wote wawili, wala mkono wake haukutetemeka. Ni kweli. Lakini fikiri, msomaji: lau angaligoma, nyuso zile tungalizijua kwa njia gani? Picha yake haimwombei More rehema wala haimlaani Cromwell. Yawaweka wote mbele yetu ili sisi tuhukumu. Mgeni hakuwa na kura katika baraza la wenyeji. Alikuwa na ushuhuda tu, naye aliutoa. Namtetea hadi hapo. Siwezi kumtetea zaidi, maana shahidi anayelipwa na mmoja wa wenye kesi hana budi kupimwa kila neno lake.

Kwa bahati tunao ushuhuda wake ambao haukutengenezwa kwa ajili ya macho ya wakubwa. Katika hazina ya kifalme ya Windsor zimo karatasi zipatazo 80, michoro aliyoifanya mbele ya watu kabla ya kwenda kuichora picha yenyewe. Nyingi ni mistari michache ya chaki na wino, lakini nyuso ziko hai mno. Na kando ya nguo, hapa na pale, Holbein ameandika maneno ya kujikumbusha: rangi hii ni nyekundu, nguo hii ni mahameli meusi. Ameyaandika kwa Kijerumani. Mkono ulikuwa ukiwatumikia Waingereza, na moyo ulikuwa ukihesabu kwa lugha ya mama. Wewe uliyesoma katika lugha mbili au tatu hutahitaji kuelezwa jambo hili.

Sasa turudi kwenye picha niliyoiweka kando. Imo Basel, katika jumba la sanaa la mji. Ilichorwa kati ya mwaka 1528 na 1529, baada ya kurudi kwake kutoka safari ya kwanza. Elsbeth ameketi, mtoto mdogo wa kike, Katharina, yu mapajani, na mvulana, Philipp, amesimama karibu naye. Imechorwa juu ya karatasi, ambayo baadaye ilikatwa kufuata umbo la watu na kubandikwa juu ya ubao, hata watatu hawa hawana nyumba nyuma yao wala kitu cha kushika. Wamekaa kama mchoro wa Bikira Maria na mtoto ungalivyokaa katika kanisa la utoto wa Holbein. Lakini utukufu haumo. Macho ya mama yameinama, kope zake ni nyekundu na nzito kama za mtu aliyelia au aliyekesha. Hamtazami mchoraji. Watoto nao hawamtazami; kila mmoja ana upande wake.

Hakuna aliyemtuma Holbein kuifanya picha hii. Hakuwapo mfalme wa kumwogopa wala tajiri wa kumlipa. Hapa macho yake yote mawili yalikuwa wazi, na alichokiona ni matokeo ya safari yake mwenyewe. Naiweka picha hii juu ya zote, juu hata ya Mabalozi, kwa sababu katika nyingine alisema kweli juu ya wengine, na katika hii alisema kweli iliyomshtaki yeye.

Walakini tusidanganyike kwamba kuisema kweli ni sawa na kulipa deni. Aliiona huzuni ile, akaichora bila kosa, kisha miaka mitatu baadaye akaondoka tena. Mwaka 1538 alipita Basel. Wakuu wa mji wakamwahidi malipo ya kila mwaka endapo atarudi kukaa, na mkewe apewe fedha katika muda wa kumngoja. Hakurudi. Katika vuli ya mwaka 1543 aliandika wasia huko London: vitu vyake viuzwe, na farasi wake pia, madeni yalipwe, na watoto wawili waliokuwa kwa mlezi huko London walipiwe shilingi saba na nusu kila mwezi. Elsbeth na watoto wa Basel hawamo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekufa, na kaburi lake halijulikani.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Holbein hakurejea ngamani. Lakini picha ya Elsbeth ilibaki katika mji ule, na ingaliko. Siku moja, msomaji, utatazama picha ya mtu aliyesafiri mbali, katika suti nzuri na mbele ya jengo kubwa. Mstaajabie kama apendavyo. Kisha sogea kando kidogo, kama mbele ya mabalozi wale wawili, ukauulize na uso wa yule aliyebaki nyumbani.